Kusoma na kusimuliana hadithi na mtoto mdogo: hatua kwa hatua

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika irabu tano na silabi zake huweza kusoma kwa sauti karibu neno lolote, hata asilolijua maana. Ni neema kubwa, ila ina mtego wake. Utamkuta mtoto wa darasa la pili akisoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha ukimuuliza kilichotokea anakutazama tu. Silabi anazo, lugha ya vitabuni bado hajaipata.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa hesabu nyepesi: kusoma ni uwezo wa kutambua maneno ukizidishwa kwa uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, kwa hiyo upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa namna gani. Upande wa kwanza, katika lugha kama yetu, mwalimu mzuri huweza kuujenga kwa muda mfupi. Wa pili huchukua miaka, na ujenzi wake huanza kabla mtoto hajaijua hata herufi moja, pale mtu mzima anaposoma naye kitabu au anapomsimulia hadithi na kumwachia nafasi ya kusema.

Nafasi hiyo ya kusema ndiyo kiini. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga hadithi ianzie kinywani mwako na kuishia kinywani mwa mtoto.

LUGHA YA HADITHI

Tukizungumza nyumbani, mengi tunayamalizia kwa kidole: "Lete hiyo." "Weka pale." Hadithi haina kidole. Ni lazima iseme nani, wapi, lini na kwa nini. Humo mtoto hukutana na mfuatano wa -ka-: akaamka, akachungulia dirishani, akanyata hadi mlangoni, akaduwaa. Hukutana na "kumbe", "ingawa", "papo hapo", "laiti". Hukutana na ngeli zikiwa zimejipanga, ukurasa baada ya ukurasa: kijiti kikavunjika, mto ukafurika, mawe yakabingirika. Mambo haya hayaingii kwa orodha ya kukariri. Huingia kwa kusikiwa mara nyingi ndani ya tukio ambalo mtoto anataka kujua mwisho wake.

Simulizi za mdomo hutoa yote hayo. Kitabu huongeza jambo moja ambalo mdomo hauwezi: mtoto huona kwamba maneno yamekaa kwenye karatasi, na kila ukifungua ukurasa ule yanasema yaleyale. Mpe vyote viwili.

KUCHAGUA KITABU NA KUJIANDAA

Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo kitabu kishikwe karibu, kiwe na picha moja kubwa kwa kila ukurasa na rangi zinazotofautiana waziwazi. Atakivuta, atakitia mdomoni. Mwache, kurasa za karatasi ngumu zimetengenezwa kwa ajili hiyo, na dakika 2 au 3 zinatosha. Kati ya mwaka 1 na 2, tafuta maneno machache kwa ukurasa na vitu anavyoviona kila siku. Kwa miaka 3 na 4, sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa, na ikiwezekana hadithi iwe na kibwagizo kinachorudi. Kuanzia miaka 5, hadithi yenye tatizo, majaribio kadhaa na suluhu. Hapo dakika 15 hupita bila mtoto kuzihesabu.

Kabla ya kumsomea, kisome kitabu peke yako. Usiruke hatua hii. Ukikutana na hadithi kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto, sauti yako itasitasita na macho yako yatakuwa kwenye maandishi badala ya kuwa kwake. Unapokisoma, fanya mambo mawili. Kwanza, hesabu maneno ambayo mtoto hayajui. Matatu hadi matano yanafaa. Yakizidi sana utakuwa unafafanua kila dakika na uzi wa hadithi utakatika. Pili, andaa maelezo ya kila neno yasiyozidi maneno kumi, pamoja na kitendo: "Kunyata ni kutembea polepole bila kutoa sauti," kisha unyate.

Kaa naye bega kwa bega, au mpakate, ili nyote wawili muone ukurasa kutoka upande mmoja. Ukikaa mkabala naye ukiwa umegeuza kitabu, ataona picha lakini hataona kidole chako kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na hilo ni somo zima analolikosa. Kazi ya kugeuza kurasa mpe yeye.

SIKU NNE NA KITABU KIMOJA

Watu wazima huchoshwa na marudio, watoto huyadai. Watoto ndio walio sahihi. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudia walishika maneno mapya vizuri kuliko waliokutana na maneno hayohayo katika hadithi tofauti. Sababu yake ni rahisi kuielewa: mara ya kwanza akili ya mtoto inashughulika kujua kinachotokea. Akishajua, inapata nafasi ya kusikiliza maneno.

Siku ya kwanza: sikilizeni hadithi. Onyesha jalada, soma jina la kitabu, la mwandishi na la mchoraji, muulize anadhani humu kuna nini. Pokea jibu lolote. Kisha soma moja kwa moja hadi mwisho ukisimama mara mbili au tatu tu, pale penye neno gumu. Mbadilishie kila mhusika sauti, punguza mwendo penye hofu, nyamaza kidogo kabla ya kugeuza ukurasa wenye tukio kubwa. Ukimaliza, usimhoji. Ngoja uone atasema nini.

Siku ya pili: zungumzeni. Hii ndiyo siku yenye uzito kuliko zote, nasi tutairudia hapa chini kwa kirefu.

Siku ya tatu: mtoto anajazia. Soma kibwagizo, kisha acha neno la mwisho hewani. Kiswahili kimebarikiwa viigizi vya sauti vinavyofaa mno hapa: "Akatumbukia majini..." naye anajibu "chubwi!" "Jiwe likaanguka..." "pu!" "Kukawa giza..." "totoro!" Hata mtoto mwenye aibu hushindwa kuvizuia.

Siku ya nne: mtoto anasimulia. Fungua kitabu, mwache aongozwe na picha, wewe uwe msikilizaji. Akikwama, sema tu "Kisha?" au "Ikawaje?" Usimrudishe kwenye maneno ya kitabu. Akisema "akalia, akalia, akalia" mahali ambapo kitabu kimeandika "alilia sana", ameshika mbinu ya msimulizi na hapaswi kusahihishwa.

Zisiwe lazima siku nne mfululizo. Mtoto wa mwaka na nusu huenda akakaa na hatua ya kwanza na ya tatu kwa wiki tatu.

SIKU YA PILI KWA KIREFU: KUULIZA, KUITIKIA, KUPANUA, KURUDISHA

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafunza wazazi namna ya kuzungumza na watoto wa umri wa miaka 2 hivi wakati wa kusoma. Mafunzo yalihusu mwezi mmoja tu wa usomaji, lakini watoto hao waliwatangulia wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Mbinu yenyewe ni mzunguko wa hatua nne zinazochukua chini ya dakika moja.

Uliza. Itikia alichosema. Panua kwa neno moja au mawili. Mrudishie ajaribu.

Mfano, mkitazama picha ya mbwa anayekimbia:

"Unaona nini hapa?"
"Mbwa."
"Ehee, mbwa. Mbwa mwenye madoa anakimbia."
"Mbwa anakimbia!"

Ukiangalia, mtu mzima hakusema "sema sentensi kamili." Alichukua neno la mtoto, akaliongezea nguo, akalirudisha. Njia hiihii ndiyo dawa ya ngeli. Mtoto akisema "kiti imevunjika," mwitikie kama mtu aliyesikia habari: "Ala! Kiti kimevunjika? Kimevunjika mguu gani?" Amesikia umbo sahihi mara mbili na mazungumzo hayajasimama. Ukimwambia "umekosea, si imevunjika," atajifunza kwamba kunyamaza ni salama zaidi.

Baada ya kuuliza, subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Wengi wetu hujibu swali letu wenyewe baada ya sekunde moja, na mtoto ambaye bado anatafuta neno huona zamu yake imechukuliwa. Sekunde tano ni ndefu kuliko unavyodhani, jizoeze.

Aina ya swali hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Anayeanza kusema aulizwe vitu: nini hiki, yuko wapi paka. Wa miaka 3 aulizwe matendo na hisia: anafanya nini, kwa nini amejificha, unajuaje kwamba ana huzuni. Wa miaka 4 au 5 apewe maswali yanayotoka nje ya ukurasa: wewe ungefanyaje, uliwahi kupotelewa na kitu, unadhani kesho yake alifanya nini. Maswali ya "ndiyo au hapana" hayaleti maneno, yatumie kidogo. Kwa jumla maswali manne au matano kwa kitabu kizima yanatosha. Yakizidi, hadithi inakuwa mtihani, na mtoto anatambua mtihani hata akiwa na miaka 2.

MAANDISHI: MACHO YA MTOTO YAKO WAPI?

Tafiti zilizopima macho ya watoto wadogo wakisomewa zimeonyesha kwamba karibu muda wote wanatazama picha. Hawayatazami maandishi mpaka mtu awaelekeze. Kwa hiyo, kusoma pamoja hakumfundishi mtoto maandishi kwa kukaa karibu nayo tu; unatakiwa kuyagusa, ila kwa kiasi.

Pitisha kidole chini ya maneno, usiyafunike. Mara moja moja sema: "Naanzia hapa." "Mstari umeisha, narudi huku." "Neno hili ni refu, tazama." Chagua ukurasa mmoja au miwili tu. Baadaye msihi mtoto akuonyeshe mahali pa kuanzia. Mshikie kitabu juu chini siku moja uone kama atakigeuza.

Kuna kikwazo ambacho Kiswahili kinacho kuliko lugha nyingi zenye maneno mafupi. Maneno yetu ni marefu: "hawakumwona" ni neno moja lenye silabi tano. Mtoto anayefuata kwa kidole husogeza kidole neno zima kwa kila silabi anayotamka, na kidole hufika mwisho wa mstari wakati mdomo uko katikati. Si dalili ya uzito wa akili. Tayari anasikia silabi, ila hajajua neno linaishia wapi. Tumia kibwagizo kifupi anachokijua kwa moyo, chenye maneno matatu au manne, na umwonyeshe zile nafasi nyeupe kati ya maneno: "Hapa neno limepumzika."

Kuhusu herufi, anza na herufi ya kwanza ya jina lake, kisha irabu. Jihadhari na majina ya herufi. Ukiita b "be", mtoto atakapoona "ba" atasoma "be-a", kwa kuwa kwake "be" ni silabi. Iambatanishe na neno: "Hii ndiyo b ya baba."

SAUTI KABLA YA HERUFI

Mchezo wa dakika 2 baada ya hadithi unatosha. Chukua jina la mhusika au neno la hadithi mlipigie makofi: pa-ka, makofi mawili, ki-pe-pe-o, manne. Hapa watu wazima hukosea mara nyingi, basi tuwe makini. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, kwa sababu m hapo inajitegemea. "Mbuzi" ni mawili tu, mbu-zi. "Mbwa" ni mawili, m-bwa. "Nyumba" ni nyu-mba; ukigawa "nyum-ba" unamfundisha silabi isiyokuwapo katika neno hilo, na itamsumbua atakapoanza kuandika.

Akishazoea makofi, tafuteni maneno yanayoanza sawa (kamba, kasa, kaka), kisha yanayoisha sawa (paka, taka, shoka). Mwisho kabisa, jaribuni kubadilisha: ondoa "pa" katika "paka", weka "ka", tumepata nini? Mtoto wa miaka 5 anayeweza hivyo kwa masikio atazipokea silabi za ubaoni kama ndugu wa zamani.

HADITHI BILA KITABU

Anza kwa mwito. "Paukwa!" "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Mwito huu unamwambia mtoto kuwa sasa tunaingia katika lugha nyingine, na unampa kazi ya kuitikia tangu sekunde ya kwanza.

Ukiwa huna hadithi kichwani, ijenge kwa mifupa mitano: mhusika, mahali, tatizo, majaribio matatu, suluhu. Sungura. Ng'ambo ya mto. Daraja limevunjika. Akajaribu kuruka, akajaribu gogo, akamwomba kobe. Akavuka. Jaribio la kwanza na la pili liishie kwa maneno yaleyale ili mtoto apate kibwagizo cha kushika.

Weka vitu vinne mbele yenu: jiwe, kijiti, kipande cha kitambaa, kifuniko. Kila kimoja kiwe mhusika au mahali, usimulie ukivisogeza. Kisha mwachie mtoto vitu hivyo. Watoto wengi wasioweza kusimulia mikono ikiwa mitupu husimulia vizuri wakiwa na cha kusogeza, kwa sababu vitu vinawakumbushia mpangilio. Akiweza kupanga mwanzo, kati na mwisho kwa jiwe na kijiti, atatambua mpangilio huohuo akiukuta kwenye kurasa.

Vitendawili navyo visiachwe. "Nyumba yangu haina mlango" humlazimisha mtoto kufikiri kwamba neno laweza kumaanisha kitu kingine, na ufahamu wa kusoma unahitaji fikra hiyo kila siku.

Simulia kwa lugha unayoimudu zaidi, hata kama shule inatumia nyingine. Hadithi nono katika lugha ya nyumbani ina faida kuliko sentensi kavu katika lugha unayoitafuta. Na mzazi asiyejua kusoma anaweza kusimulia picha za kitabu chochote. Mzunguko ule wa kuuliza, kuitikia, kupanua na kurudisha hauhitaji herufi.

KITABU CHA MTOTO MWENYEWE

Chukua karatasi mbili za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa 8: jalada la mbele, la nyuma, na sita za ndani. Zishone kwa uzi mahali pa mkunjo. Mtoto achore, kisha akwambie kila picha inasema nini, nawe uandike mbele yake, sentensi moja kwa ukurasa, herufi za sentimita 1 hivi, nafasi pana kati ya maneno. Tamka kila neno unapoliandika.

Andika maneno yake, siyo uliyotamani aseme. Tahajia iwe sahihi daima. Ngeli ikiwa imekosewa, mwulize "Tuandike kiti kimevunjika?" kwa kuwa atakirudia kitabu hiki mara nyingi sana. Kisha kisomeni kama mnavyosoma vitabu vingine, na kikae pamoja navyo, mahali mkono wake unapofika. Kitabu kilichowekwa juu ya kabati ili kisichafuke hakimfundishi mtu.

MAMBO YANAYOKWAMISHA

Mtoto anaondoka katikati. Kabla ya kumlaumu, tazama urefu wa maandishi. Fupisha kwa maneno yako, au simulia picha tu. Mtoto wa miaka 2 anayezungukazunguka huku akisikiliza bado anasikiliza.

Mtoto hasemi neno kwenye kundi. Kundi la watoto wanne hadi sita humpa kila mmoja zamu. Darasani penye watoto wengi, waambie wageukiane wawili wawili wanong'onezane jibu kwa nusu dakika, ndipo uulize. Kama huna kitabu kikubwa, andika kibwagizo kwenye karatasi kubwa kwa herufi za sentimita 3 au zaidi, na picha uzizungushe.

Kitabu kimegeuzwa adhabu au hongo: "Usipolala leo hakuna hadithi." Tafadhali acha. Unachokitumia kama fimbo mtoto hukiogopa, na unachokitumia kama hongo hukiona kama bidhaa.

Umeweka rekodi au video isome badala yako. Sauti nzuri, lakini haimsubiri mtoto sekunde tano wala haimpanulii neno. Ikiwa utaitumia, keti naye na uisimamishe.

Na kama mtoto amefika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, au hageuki akiitwa, usingoje vitabu vitende. Apimwe masikio kwanza, mapema.

Kosa la mwisho hufanywa na wazazi wenye bidii: mtoto anapoanza kusoma mwenyewe, wanaacha kumsomea. Wakati huo kitabu anachokimudu kwa macho ni chepesi mno kuliko hadithi anayoweza kuielewa kwa masikio, na pengo hilo huchukua miaka kuzibika. Someni kwa kupokezana: wewe kurasa mbili, yeye mstari mmoja wa kibwagizo, baadaye ukurasa kwa ukurasa, na siku atakapokwambia "ngoja, nisome mimi", mpe kitabu.